Rejeta Kwanza, Taa za Urembo Baadaye

Leo hakuna video ya machweo, hakuna chai inayotoa mvuke kwa mlango wa van, hakuna mtu anayepiga gitaa juu ya paa. Leo tunaongea kuhusu kitu ambacho hakuna mtu hukipiga picha mpaka siku kinapomwaga maji barabarani. Rejeta.

Maoni yangu nayaweka hapa juu, usije ukasema nimekuzungusha. Kama una van ya zamani umeigeuza nyumba ya safari, ile watu huita kempa, usinunue rejeta mpya kabla ile uliyo nayo haijapimwa na fundi wa rejeta. Si fundi wa kila kitu, fundi wa rejeta. Na kama ni ya shaba, mara nyingi kuitengeneza ni uamuzi mzuri kuliko kuitupa na kuweka mpya ya bei ya chini. Ikiwa imekufa kabisa, ibadilishe kabisa. Lakini usiishi katikati, na jerikani ya lita 20 nyuma ya kiti kama mtu wa familia.

Najua hii itaudhi watu wa pande mbili. Kuna watu wa "ongeza maji twende". Hawa wakiona geji imepanda wanasimama, wanamwaga maji, wanapiga selfi, wanaendelea. Halafu kuna watu wa "toa, weka mpya". Hawa kila kitu kikisumbua dawa ni kufungua pochi. Wanaonekana tofauti lakini wote wanakimbia kazi moja, nayo ni kuuliza kwa nini gari inachemsha.

Van zetu zimetoka wapi

Kenya huwezi kuingiza gari iliyotumika ikiwa na zaidi ya miaka 8. Hiyo ni KS 1515, ile kanuni kila mtu anayeuza magari anaijua. Kwa hivyo ukiona HiAce ya miaka ya tisini au Nissan Caravan ya zamani, jua haikushuka melini juzi. Imekuwa hapa. Ilikuwa matatu, ikawa ya shule, ikabeba kwaya ya kanisa, ikabeba maziwa, na sasa imefika kwako uiwekee kitanda na pazia.

Muda wote huo rejeta yake imekunywa. Imekunywa maji ya mfereji, maji ya mto, maji ya kisima yenye chumvi, maji ya chupa yaliyobaki kwa abiria. Kila maji ya aina hiyo huacha kitu ndani. Angalia sufuria ya kuchemshia maji kwenu nyumbani, ule utando mweupe chini. Sasa fikiria utando huo ndani ya vijibomba vyembamba kama kijiti cha aiskrimu, miaka thelathini.

Halafu sisi vijana tunanunua hiyo van kwa sababu iko bei yetu, na pesa inayobaki inaenda wapi? Mbao za kitanda. Sola. Betri. Jiko la gesi. Spika. Zile taa ndogo za urembo za kamba. Sijakataa taa, hata mimi ninazo. Ninachosema ni kwamba nimeona van ambayo spika zake zina bei kuliko kila kitu kilicho chini ya boneti, na mwenyewe anapanga kwenda Turkana.

Mbaya zaidi, huo urembo wenyewe unaweza kuongeza joto. Taa kubwa nne mbele ya grili, vyuma vya kukinga mbele, bango la jina la van, gurudumu la akiba limefungwa usoni ndiyo ikae kama ya sinema. Vyote hivyo vinakaa pale pale hewa inapaswa kuingia. Rejeta haipoi kwa maombi, inapoa kwa hewa. Ukiiwekea ukuta mbele, umeinyima pumzi.

Digrii ninazozielewa

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, wengi wenu mnajua. Sina digrii, lakini digrii za joto nazielewa, na hizi ndizo zitakuokoa Kinungi au Mtito Andei.

Injini ikichoma mafuta, takriban theluthi moja tu ya nguvu ndiyo inasukuma gari. Theluthi nyingine inatoka na moshi. Inayobaki karibu yote inaingia kwa maji yanayozunguka injini, na hayo maji yanaenda kuimwaga kwa rejeta. Kwa hivyo rejeta si kipuri cha pembeni. Joto linalopita hapo linakaribia nguvu inayozungusha magurudumu.

Sasa sikia hii. Maji huchemka kwa digrii 100 kule Mombasa. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hapa maji huchemka karibu digrii 94. Injini nyingi za kawaida zinafanya kazi kati ya digrii 80 na kitu hadi 95. Umeona shida? Maji matupu yasiyofungwa, hapa Nairobi, yako mlangoni mwa kuchemka hata gari ikiwa nzima.

Kinachozuia ni kile kifuniko cha rejeta. Si kifuniko tu kama cha sufuria. Kina springi inayoshikilia presha ndani, na presha ikipanda, maji yanachelewa kuchemka. Juu yake kumeandikwa namba, kwa mfano 0.9 au 1.1. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, maji ya Nairobi yanafika karibu digrii 115 kabla ya kuchemka. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, umerudi 94. Yaani kipuri cha bei ya chini kabisa kwenye mfumo mzima kinaweza kufanya gari ichemshe kila kilima, halafu mtu anakuuzia rejeta nzima.

Ndiyo maana pia usifungue hicho kifuniko gari ikiwa moto. Maji yaliyo ndani yamepita kiwango cha kuchemka, yanashikiliwa tu na presha. Ukifungua, yanachemka ghafla na yanakuja usoni pamoja na mvuke. Hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Zima gari, fungua boneti au kiti, ngoja nusu saa au zaidi, shika mpira wa juu uone kama bado umekaza. Hata kama nyuma kuna matatu inakupigia honi na dereva anakutukana. Ngoja.

Na usimwage maji baridi kwa injini iliyo moto sana. Chuma kikipoa ghafla hupasuka. HiAce za dizeli zenye injini ya 2L, ile ya lita 2.4, zinajulikana kwa hedi kupasuka zikichemshwa. Rejeta ni shida ya siku moja. Hedi ni shida ya miezi, na hapo ndipo kempa nyingi hugeuka kuwa stoo nyuma ya nyumba ya shosho.

Stori tatu za jaba

Kuna mambo matatu nasikia kila gereji, na nataka tuyazike leo.

La kwanza: "Toa themostati, hiyo ni ya nchi za baridi." Hapana. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi inafunga, maji yazunguke ndani tu injini ipate joto haraka. Ikifika kiwango, nyingi ni karibu digrii 82, inafunguka maji yaende kwa rejeta. Ukiitoa, asubuhi ya Limuru injini itakaa baridi kilomita nyingi, dizeli haichomeki vizuri, mafuta yanaisha na injini inachakaa. Na kuna injini ambazo themostati hiyo hiyo ndiyo hufunga njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengine yanapita mkato yanarudi kwa injini bila kupita kwa rejeta. Umeondoa kitu ili gari ipoe, na sasa inapoa vibaya kuliko jana. Themostati ikiwa mbovu, nunua nyingine. Unaweza kuipima na sufuria ya maji jikoni: chemsha, tumbukiza, ikifunguka ni nzima.

La pili: "Maji yanatosha, kulanti ni ya matajiri." Watu hudhani kulanti ni ya kuzuia barafu tu, na kwa kuwa hapa hakuna barafu, ni biashara ya wazungu. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu. Pia inapandisha kiwango cha kuchemka digrii chache. Injini yako ni chuma, rejeta ni shaba au alumini, pampu ina sili ya mpira, vyote vinaogea maji yale yale. Maji matupu hula hizo metali polepole na kuzijaza uchafu. Kama pesa hakuna leo, tumia maji safi yasiyo na chumvi, si ya kisima, halafu panga kuweka kulanti.

Na hapo kwa kulanti nina ombi. Nyingi zina kitu kinaitwa ethilini glikoli. Ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mbwa anaweza kuilamba hadi afe, mtoto anaweza kuinywa. Usiiweke kwa chupa ya soda kisha uiache sakafuni mwa van. Usiimwage kwa mtaro wa mtaani. Rangi yake inakaa kama juisi, na mtoto wa jirani hajui tofauti.

La tatu: "Mwaga dawa ya kuziba." Wengine hutumia ile ya dukani, wengine yai bichi, wengine pilipili manga. Inafanya kazi? Kwa tundu dogo, ndiyo, kwa muda. Uko katikati ya Loiyangalani, giza linaingia, fanya unachoweza ufike. Lakini kitu kinachoziba tundu hakijui tundu ni lipi na bomba ni lipi. Kinaziba kote. Ukikifanya kuwa desturi, unaua rejeta ambayo ingepona kwa lehemu ya dakika chache.

Vile mzee alituonyesha

Van yetu ni HiAce ya zamani, tunaimiliki watu watatu. Ilianza kupandisha geji tukitoka Magadi. Mnajua ile barabara. Unatoka ziwani kwa joto kali, karibu mita 600, unapanda mpaka Corner Baridi, zaidi ya mita 1,000 juu, gia ya pili na ya tatu, jua kichwani. Kama mfumo wa kupoza una udhaifu wowote, utauona hapo. Tulisimama mara mbili, tukangoja kila mara, tukafika Kiserian bila kuua kitu.

Gereji ya kwanza tuliyoenda, fundi aliangalia kwa macho tu. Akasema rejeta imekufa, leteni mpya, na hiyo ya zamani mniachie hapa nitawatupia. Hakuguza kifuniko. Hakushika mpira hata mmoja. Kwa nini alitaka tuiache, nitafika hapo.

Tukatoa rejeta wenyewe tukaipeleka Grogan, kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni rejeta tu. Mezani kwake hakuna spana nyingi. Ana karai la maji, mtungi wa gesi, vipande vya lehemu, na mikono.

Nikamuuliza, "Mzee, hii imekwisha?"

Akaigeuza, akakwaruza pembeni kwa kisu mpaka rangi nyekundu ikatokea. "Kijana wangu, hii ni shaba. Shaba haiishi hivyo. Kwanza tuiulize."

Kuiuliza kwake kulikuwa hivi. Akaziba midomo yote, akaacha mmoja, akasukuma hewa, akaizamisha kwa karai. Viputo vikatoka sehemu moja, kwa mshono wa tangi la juu. Akamwaga maji juu aone yanatoka chini kwa kasi gani. Yalitoka kwa uvivu. Akachukua kifuniko chetu, akabonyeza springi kwa kidole, akacheka. "Hii inafunga nini?"

Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Ile kava inayozunguka feni iko?" Haikuwepo. Mtu fulani huko nyuma, kabla van haijafika kwetu, aliitoa na hakuirudisha. Mzee akaeleza: bila hiyo kava, feni inavuta hewa kutoka kando, si kupitia rejeta. Ukienda kasi kwa barabara tambarare hutaona shida kwa sababu upepo unaingia wenyewe. Ukipanda kilima polepole ndipo feni inabaki peke yake, na feni isiyo na kava inapiga hewa ile ile ya moto.

Kwa hivyo tulikuwa na mambo manne: mshono unaovuja, vijibomba vilivyojaa uchafu, kifuniko kilicholegea, na kava ya feni haipo. Kama tungenunua rejeta mpya tungetibu mawili tu. Tungepanda tena kutoka Magadi, geji ingepanda tena, na tungesema rejeta mpya ni feki.

Mzee alipasha moto mshono, akatoa tangi la juu zima, akapitisha kipande chembamba cha chuma ndani ya kila kijibomba, kimoja baada ya kingine, akisukuma uchafu wa rangi ya ugoro. Akarudisha tangi, akalilehemu, akalizamisha tena. Hakuna kiputo. Kifuniko kipya na kava ya feni ya mitumba tulitafuta Kirinyaga Road siku hiyo hiyo. Jumla ya gharama yote haikufika nusu ya bei tuliyotajiwa ya rejeta mpya ya shaba. Tumeshapanda kutoka Magadi tena, tumeshuka Iten mpaka Kerio na kurudi juu, na mshale wa geji unakaa mahali pake.

Kwa nini walitaka ile ya zamani

Sasa ile ya "mniachie nitawatupia". Shaba ina bei. Wanunuzi wa vyuma kuukuu wanaipima kwa kilo, na ni kati ya vyuma wanavyolipia vizuri. Mnakumbuka mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu kwa miezi kadhaa kwa sababu watu walikuwa wanaiba vyuma na nyaya za umeme. Watu hawaibi kitu kisicho na thamani.

Kwa hivyo rejeta yako ya shaba, hata ikiwa imekufa kweli, ni mali yako. Ikishindikana kuponywa, uiuze wewe, au umpe fundi ukijua unampa nini. Fundi mwaminifu akikuambia "niachie hiyo nikupunguzie bei ya kazi", hiyo ni biashara safi. Fundi anayekuambia ni takataka huku macho yake yako kwa hiyo takataka, kaa rada.

Sisemi mafundi ni wezi. Ni kinyume. Hasira yangu ni kwamba tunawapa pesa wale wanaobadilisha na tunawaacha wale wanaotengeneza. Wa kubadilisha ni rahisi kumpata, na kazi yake inaonekana safi kwa kamera: boksi jipya, kitu kinang'aa. Wa kutengeneza amekaa kibanda kidogo na kazi yake haina mng'ao. Magari mapya yanakuja na rejeta za alumini na plastiki, watu wanatupa na kununua, na vijana wachache wanajifunza kulehemu shaba. Wazee hawa wakiondoka, hata ukiwa na rejeta bora duniani hutapata wa kuifungua.

Na tukiwapelekea kazi, tuwalipe waweze kuifanya salama. Lehemu ya rejeta kwa kawaida ina risasi ndani, na moshi na vumbi la risasi si la kuvuta miaka thelathini kwa kibanda kisicho na dirisha. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa wanajua risasi hufanya nini kwa mwili. Ukibishana na mzee kuhusu shilingi mia mbili baada ya kununua spika za maelfu, jiulize unaokoa nini hasa.

Wakati wa kubadilisha

Sitaki mtu aseme nimemwambia ang'ang'anie chuma kilichokufa. Kuna wakati kubadilisha ndiyo akili.

Ukipitisha kidole kwa yale mapezi membamba na yanaanguka kama majivu, joto halina pa kutokea. Hapo rejeta inaweza kushika maji bila kuvuja na bado isipoze. Ukiwa na matundu mengi katikati, si kwa mshono, na fundi kila mwezi anaziba bomba jingine, unapunguza rejeta kidogo kidogo. Hata hapo, kwa ya shaba, uliza kwanza kama fundi anaweza kuweka moyo mpya, yaani ile sehemu ya katikati yenye vijibomba na mapezi, na kubakiza matangi yako. Shaba inaruhusu hivyo.

Za alumini zenye matangi ya plastiki ni stori tofauti. Plastiki hukauka na kuwa kama biskuti, hasa kwa shingo mpira wa juu unapoingia. Gundi kali itakufikisha nyumbani, haitakufikisha Moyale. Kuna mafundi wanaotoa tangi la plastiki na kuchomelea la alumini kwa gesi, na ukimpata anayejua, ni suluhisho zuri. Ukikosa, nunua mpya.

Ukinunua, nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha upana na unene wa moyo, maana mbili zinaweza kufanana kwa uso na moja ikawa na safu moja ya vijibomba pungufu. Angalia midomo iko upande uleule. Kama van yako ni ya gia za otomatiki, hakikisha ina zile bomba mbili ndogo za kupozea mafuta ya gia. Iinue uone uzito. Mtu akikuambia ni shaba, omba akwaruze kidogo pembeni. Akikataa, amekujibu.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha shida si hedi. Jaza maji gari ikiwa baridi, washa, acha kifuniko wazi, angalia. Viputo vinavyotoka mfululizo bila kukoma hata baada ya hewa ya kawaida kuisha, ni dalili ya gesi ya injini kuingia kwa maji, yaani gaskiti ya hedi imeachilia au hedi yenyewe ina ufa. Rejeta mpya hapo ni kupaka poda mtu mwenye malaria.

Najua mtaniambia nini

"Wewe una muda, sisi tuna wikendi moja tu." Sawa. Rejeta ya HiAce inatoka kwa mipira miwili, bolti chache na uvumilivu. Kupimwa ni kazi ya asubuhi moja. Kulala barabarani Salgaa ukingoja lori la kukuvuta ni kazi ya usiku mzima, na hapo hakuna anayekuuliza una muda au huna.

"Mpya inakuja na garanti." Soma hiyo garanti. Inaweza kukuambia haifanyi kazi kama gari ilichemka. Rejeta isiyofanya kazi gari ikichemka, garanti yake ni ya nini?

"Lakini kitu kipya kinakupa amani." Hapa ndipo tunatofautiana kabisa. Amani ninayoijua mimi ni kujua. Nikipanda kilima najua maji yangu yanachemka wapi, najua kifuniko kina umri gani, najua mshono gani uliwahi kuvuja na nani aliufunga. Mwenzangu aliye na kipuri kipya asichokielewa anapanda akiwa anaangalia geji kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Tumekuzwa tukiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini tukifika kwa magari tunaruka ufa tunaenda kununua ukuta. Kizazi chetu kinapenda kusema tunajali mazingira, hatutaki kutupa vitu, tunavaa mitumba kwa fahari. Basi na hii ni mitumba. Chuma kilichochimbwa, kikayeyushwa, kikavuka bahari, kikafanya kazi miaka thelathini na bado kina miaka mingine ndani yake, kinataka tu mtu akifungue na kukisafisha.

Kwa hivyo kabla ya safari ijayo, kabla ya kununua ile kamba nyingine ya taa, fanya hivi. Gari ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, angalia mpira wake na rangi ya maji. Yakiwa ya rangi ya chai ya mkandaa, umeshapata jibu. Toa rejeta, ipeleke kwa fundi wa rejeta, simama hapo umwone akiizamisha kwa karai, uliza maswali, mlipe vizuri. Mchukue hata video, kama atakubali. Hiyo nitaitazama mpaka mwisho.